Kutoka Nungwi hadi Mkoani kwa tanga: pigeni hesabu ya siku ya kurudi

Swali: Nahodha, shikamoo. Naishi Mikocheni. Mimi na rafiki zangu watatu tuna boti ya tanga ya futi 30 yenye injini ndogo ya dizeli, tunaifunga Msasani. Bongoyo na Mbudya tumezizoea, na Unguja tumeshavuka mara kadhaa. Mwezi wa nane tunataka kutoka Nungwi hadi Mkoani, Pemba, kwa siku moja, mchana tu, tulale huko siku mbili, halafu turudi Nungwi vilevile kwa siku moja. Wazee wa Feri wananitisha na mkondo wa Nungwi. Mwingine ananishauri nisubiri kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, eti bahari hutulia. Nimsikilize nani? Na je, naweza kumchukua mwanangu wa miaka tisa?

Jibu: Marahaba. Kwenda, mnaweza. Boti nzima ya futi 30, watu wanne wanaojua kazi, kusi (upepo wa kusini-mashariki) ya wastani: ni safari ya asubuhi moja, na chakula cha mchana mtakula Mkoani. Kinachonifanya nikujibu kwa kirefu ni kurudi, maana umeandika "vilevile kwa siku moja" kana kwamba njia ni ileile. Kwenye ramani ni ileile. Majini ni safari mbili zisizofanana, na ya pili inaweza kuchukua karibu muda mara mbili wa ile ya kwanza, boti ileile, upepo uleule.

Tuanze na mahali penyewe. Kutoka Ras Nungwi hadi bandari ya Mkoani ni kama maili 29 za baharini. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, na kila nitakapotaja maili humu nina maana hiyo. Uelekeo ni kaskazini-mashariki karibu kamili, digrii 45 za ramani. Dira yenu mtairekebisha wenyewe. Maili 29 si nyingi. Kutoka Msasani hadi Unguja Mjini ni zaidi ya hapo, nanyi mmeshapita. Tofauti iko chini ya boti na upande wa mashariki.

Bahari mliyoizoea kati ya Dar na Unguja ni ya kina kifupi, makumi ya mita tu. Unguja imekaa juu ya ukingo uleule wa bara. Pemba imetengwa. Baina yake na bara kuna bonde ambalo kina chake hufika mamia ya mita, na pengo kati ya Unguja na Pemba nalo ni kilindi. Kwa hiyo injini ikizima na tanga likichanika mkiwa katikati, nanga haiwasaidii kitu. Kamba yenu haifiki chini, mtabaki kuchukuliwa na maji huku mkitengeneza. Tena pengo hilo limeachwa wazi kwa Bahari ya Hindi yote upande wa mashariki. Magharibi ya Unguja kisiwa chenyewe ndicho kinachowakatia wimbi, hata kama hamjawahi kukishukuru. Mkishaipita ras, hakuna cha kuwakatia hadi muingie chini ya Pemba.

Sasa mkondo. Wazee wa Feri hawakutanii, ingawa wengi wao hukusimulia vitisho bila hesabu. Maji ya pwani yetu hutembea kuelekea kaskazini mwaka mzima. Yanatoka mashariki, yakivuka Bahari ya Hindi, hugonga bara karibu na mpaka wetu na Msumbiji, yanagawanyika, tawi moja linashuka kusini na jingine linapanda kuja kwetu. Wakati wa kusi upepo huusukuma mkondo huo, na unaweza kupita maili 3 kwa saa. Kaskazi ikiingia huupinga, ukapungua hadi chini ya maili 1, lakini haugeuki. Unaogeuka ni mkondo wa Somalia, huko mbele. Nimewasikia vijana wakisema kwamba kaskazi "maji yanarudi kusini". Hayarudi. Karibu na ufuo utaona maji yakienda huku na huku kwa sababu ya kujaa na kupwa, na hilo ndilo linalowadanganya.

Chukueni kalamu. Tuseme boti yenu inakwenda maili 5 kwa saa, wastani wa kweli kwa futi 30, si ule mnaojisifia barazani. Tuseme mkondo ni maili 2 kwa saa kuelekea kaskazini. Mkielekeza omo (pua ya boti) digrii 45, moja kwa moja kwa Mkoani, mtatumia karibu saa 6, na katika muda huo maji yatakuwa yamewapeleka zaidi ya maili 11 kaskazini ya mlikokusudia. Kisiwa cha Misali, kaskazini ya Mkoani, mtakuwa mmekiacha nyuma. Ili mwende mstari mnaoutaka, omo lazima itazame kulia zaidi, digrii 61 hivi. Mtaona ajabu: boti inatazama bahari tupu kusini ya Pemba, lakini inatembea kuelekea Mkoani. Msukani mgeni atataka "kuirekebisha". Msimruhusu. Kwa hesabu hiyo mkondo unawaongezea mwendo, mtakuwa mnatembea maili 6.2 kwa saa juu ya ardhi, yaani mwendo uliopimwa kwa ardhi, si kwa maji, na mtafika kwa saa 4 na dakika 40.

Kurudi, hesabu ileile inageuka. Omo itazame digrii 209 badala ya 225, na mkondo sasa unawala: mwendo wenu juu ya ardhi ni maili 3.4 kwa saa. Maili 29 zitachukua saa 8 na nusu. Hapo bado mna mchana wa kutosha, ingawa hauna ziada kubwa. Sasa tuseme mkondo si 2 bali 3, jambo la kawaida kabisa kusi ikiwa imekomaa. Kwenda itakuwa saa 4 na dakika 20, na mtashangilia. Kurudi itakuwa saa 12. Mchana wetu wote ni saa 12, na mwezi wa nane unapungukiwa dakika kadhaa.

Hapo ndipo mtu anaponasa. Ameenda vizuri, amefika mapema, ameamini boti yake ni nyepesi, akapanga kurudi kwa muda uleule. Kumbe ule wepesi ulikuwa wa mkondo, na mkondo sasa unaudai.

Juu ya hayo kuna upepo. Wakati wa kwenda, kusi inayotoka kusini-mashariki itawapiga ubavuni kulia, mwendo mzuri kuliko wote kwa boti ya tanga. Wakati wa kurudi, upepo huohuo uko ubavuni kushoto, na ukiwa kusini-mashariki kweli hamna tatizo. Ila kusi haikai mahali pamoja. Ikivuta kuelekea kusini, omo yenu haitaweza kushika digrii 209. Mtaanza kubisha, yaani kukata huku na huku dhidi ya upepo, na kubisha dhidi ya mkondo wa maili 2 ni kazi ya kupanda na kushuka bila kusogea. Injini ndogo ya dizeli itasaidia, ndiyo. Lakini muulizeni fundi wenu inakula lita ngapi kwa saa ikisukuma dhidi ya wimbi, na tangi linabeba ngapi. Wengi hawajui, kwa sababu hapa Msasani injini huwashwa kutoka na kuingia tu.

Sasa aliyekushauri kusubiri kaskazi. Simlaumu, labda ni mtu wa boti ya injini. Kaskazi ina asubuhi nyingi tulivu, na mwenye injini mbili nyuma hufurahi. Kwa mwenye tanga hadithi ni nyingine. Kaskazi inatoka kulekule mnakokwenda. Maili 29 za kubisha huwa zaidi ya 40 mkishazijumlisha pande zote mbili, kwa mwendo mdogo zaidi, mkilowa muda wote. Mnaweza kumaliza mchana kabla ya kuifikia Mkoani. Tena upepo unaokuja dhidi ya mkondo huyainua maji: mawimbi hukaribiana na kusimama wima, na boti fupi inagonga kila wimbi. Upepo huohuo ukienda pamoja na mkondo usingewasumbua hata kidogo.

Ila kwa kurudi, kaskazi ni neema: upepo mgongoni na mkondo umelegea. Ndiyo maana majahazi ya zamani yalipanda kaskazini kwa kusi na kushuka kwa kaskazi, na baina ya misimu yalikaa bandarini yakitengenezwa. Manahodha wale hawakuwa na likizo ya siku nne kutoka ofisini Posta. Nyie mnayo, kwa hiyo mnataka kupanda na kushuka kwa msimu mmoja, na lazima muutafute wakati ambao kusi imechoka lakini haijafa.

Wakati huo upo, unaitwa demani. Ushauri wangu ni msiende mwezi wa nane. Sogezeni hadi mwisho wa mwezi wa tisa au nusu ya kwanza ya mwezi wa kumi. Upepo bado unatoka kusini-mashariki lakini umepoa, mkondo umeanza kulegea, na bahari ya pengo lile haina hasira za mwezi wa sita na wa saba. Msichelewe zaidi. Matlai ikishaanza, upepo wa mashariki utawabana wakati wa kwenda, kwa sababu omo yenu lazima itazame digrii 61 na upepo utakuwa karibu usoni. Kama ofisi haziwaruhusu isipokuwa mwezi wa nane, nendeni mkiwa na siku tatu za ziada ambazo hamtazihesabu kuwa za starehe. Ni za kusubiri. Mkiwa na siku nne kamili, mtarudi siku ya nne hata kama hali haifai, kwa sababu mmoja wenu ana kikao Jumatatu. Vikao vya Jumatatu vimewatia watu wengi wa Dar kwenye maji mabaya.

Ndani ya msimu, chagueni pia mwezi wa mbinguni. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na mivuto ya kujaa na kupwa kando ya visiwa inakuwa mikali. Wakati wa maji mafu tofauti hushuka hadi kama mita 1. Kwa wageni wa Mkoani, maji mafu ni bora: mivuto midogo, na miamba haibadiliki sura sana kati ya asubuhi na alasiri. Tafuteni tarehe 8 hadi 10 za mwezi mwandamo, au 23 hadi 25. Wavuvi wa Nungwi watawaambia bila kuangalia jedwali.

Kuhusu kufika Nungwi sitasema mengi, njia ya Unguja Mjini mnaijua. Kutoka Mjini piteni nje ya Tumbatu na nje ya kisiwa kidogo cha Mwana wa Mwana; msijaribu kukata ndani kwa kuwa mmeona ngalawa ikipita. Ngalawa inapita juu ya shibiri chache za maji, mkuku wenu, uti wa chini wa boti, hauwezi. Lalani Nungwi usiku mmoja kamili, si nusu. Na jioni ile shukeni, tembeeni pale yanapoundwa majahazi, mzungumze na manahodha. Mkimpata mwenyeji wa kwenda nanyi kama rubani, mlipeni vizuri na mmsikilize. Nasema mmsikilize kwa sababu nimeona watu wakimlipa rubani kisha wakabishana naye kwa kutumia simu.

Asubuhi yake Nungwi itawadanganya. Upande wa magharibi mtakapokuwa mmelala umekingwa na kisiwa kizima, maji yametulia, bendera haitingishiki. Mtatweka tanga zima na kahawa mkononi. Nusu saa baadaye mnaupita mnara wa taa wa Ras Nungwi, upepo halisi unawashukia pamoja na wimbi la bahari kuu, na watu wawili wanahangaika kupunguza tanga kwenye sitaha inayoruka. Punguzeni tanga mkiwa bado ndani ya kinga. Vaeni majaketi okozi mkiwa bado ndani, mjifunge mikanda, mfunge madirisha, mkaushe ngama (chini ya boti panapokusanyika maji) na kujaribu pampu yake. Kulikunjua tanga baadaye, mkiona hali ni nzuri, ni kazi ya dakika tatu. Saa mbili za kwanza baada ya ras ndizo ngumu kuliko zote kwa tumbo pia; anayetapika atatapika hapo. Mkate mkavu, tangawizi, macho kwenye upeo wa bahari, na asishuke chumbani.

Ondokeni saa 12 asubuhi, mara tu mwanga unapotosha kuona maji. Msiondoke usiku kwa kufikiri mnaokoa muda. Mkiondoka saa 12, kwa hesabu ya mkondo wa 2 mtafika karibu saa 5 asubuhi, na hata mambo yakiharibika kidogo mna nusu ya mchana akibani. Akiba hiyo ni kwa ajili ya miamba. Kuingia kando ya Pemba magharibi kunataka macho, hata kama mna ramani ya kielektroniki. Maji ya buluu iliyoiva ni kina, kijani kibichi chepesi ni mchanga, na rangi ya kahawia ni matumbawe au majani, msiende. Rangi hizi husomeka jua likiwa juu au nyuma yenu. Mkiikaribia Pemba kutoka magharibi, kuanzia adhuhuri jua linaanza kuhamia mgongoni kwenu, na kila kitu kinaonekana kwa uwazi wa kupendeza. Jua likishalala, kuanzia saa 10 alasiri, maji yote huwa rangi moja. Na saa 12 na nusu jioni giza linaingia. Huku kwetu jua likizama halibembelezi.

Mkiingia chini ya Pemba mtashangaa. Wimbi linakatika, upepo unakuja na harufu ya miti, boti inasimama wima tena. Mbele ya Mkoani kuna kisiwa cha Makoongwe. Ingieni polepole, mmoja wenu amesimama omoni akitazama maji, na msitie nanga kwenye njia ya meli za abiria. Nahodha wa meli ile hawezi kuwakwepa na hatawaomba radhi. Shukeni mkajitambulishe bandarini. Bahari ya magharibi ya Pemba ni eneo la hifadhi, kwa hiyo nanga kwenye mchanga, si kwenye matumbawe, na mkitaka kwenda Misali ulizeni kwanza taratibu na ada.

Mkikosa Mkoani kwa kuchukuliwa na mkondo, msihangaike kurudi nyuma kwa nguvu ikiwa bado ni mapema. Misali iko kama maili 8 kaskazini, na ghuba ya Chake Chake iko mashariki yake. Lakini mkiona saa 9 alasiri imefika na hamjui mko wapi hasa kuhusiana na miamba, kaeni nje kwenye kina, mtoe taarifa kwa redio, mlale mkisafiri. Najua mlisema mchana tu. Usiku kwenye kina kirefu magharibi ya Pemba, mmekingwa na kusi, si jambo la kufurahisha ila halijamtoboa mtu boti. Mwamba ndio unaotoboa.

Sasa turudi kwenye siku ya kurudi, maana kazi yake inaanza siku ya kwenda. Mkiwa njiani kwenda Pemba, kila nusu saa mmoja wenu aandike mambo manne: dira inaonyesha nini, kipima mwendo cha boti kinasema boti inakata maji kwa maili ngapi, GPS inasema mnatembea maili ngapi juu ya ardhi, na inasema mnakwenda uelekeo gani. Tofauti kati ya mambo ya boti na mambo ya GPS ni mkondo wenyewe, umepimwa na nyie, siku ileile, mahali palepale. Mkifika Mkoani kaeni mezani na karatasi hiyo. Mkondo ukiwa maili 2 au chini, rudini kwa mpango. Ukiwa kati ya 2 na 2 na nusu, rudini tu ikiwa upepo umekaa kusini-mashariki na injini imehakikiwa na dizeli imejaa. Ukizidi hapo, subirini. Siku mbili tatu Pemba si adhabu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, ndiyo maana karafuu ikawa mali ya Pemba hadi leo. Na mwezi wa tisa na wa kumi, mwaka ukiwa wa mavuno, mtazikuta zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara. Kakaeni huko mkizinusa.

Siku mkiamua kurudi, msikate moja kwa moja kutoka Mkoani. Ondokeni saa 12 asubuhi, tena kabla kidogo kama njia ya kutokea mliisoma vizuri wakati wa kuingia na mmeihifadhi kwenye GPS. Shukeni kwanza kusini mkifuata ubavu wa Pemba, nje ya ukingo wa miamba lakini ndani ya kinga, hadi mkaribie usawa wa Kisiwa Panza. Ni maili 6 au 7. Hapo wimbi halipo, mkondo kando ya ardhi ni dhaifu kuliko katikati, na hata injini pekee itawafikisha bila tabu. Mkifanya hivyo mmeinunua kusini kwa bei nafuu. Kutoka hapo hadi Nungwi zimebaki kama maili 24, na omo iangalie kusini zaidi ya Nungwi, kama watu wanaokwenda kisiwa cha Mnemba. Mtadhani mnapotea. Mkondo ndio utakaowasukuma hadi Nungwi. Aliyelenga Nungwi tangu mwanzo atajikuta kaskazini yake, akiutazama mnara wa taa kwa mbali, na upepo na mkondo vyote vikimzuia kuufikia.

Pangeni pia saa ya kugeuka. Saa 5 asubuhi angalieni mmebakiza maili ngapi na mnatembea ngapi kwa saa. Kama hesabu inasema mtafika baada ya saa 10 alasiri, geuzeni, rudini Mkoani. Kurudi Pemba ni rahisi muda wowote, kwa sababu mkondo uko upande wenu. Saa 10 naisisitiza kwa sababu mkiikaribia Nungwi alasiri mnakwenda kusini-magharibi, jua liko machoni, na miamba ya upande ule hamtaiona kabisa.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii: msirudi Nungwi. Kutoka Mkoani hadi Tanga ni kama maili 36 kuelekea magharibi-kaskazini-magharibi, kusi ikiwa nyuma yenu na mkondo ukisaidia kiasi. Mnaiacha boti Tanga kwa mtu wa kuaminika, mnapanda basi kuja Dar, na mnakwenda kuishusha kaskazi ikiingia. Ni gharama, lakini likizo yenu ikiwa fupi na kusi ikiwa kali, mimi ningechagua hiyo.

Neno kuhusu vitisho. Watu wakitaja mkondo wa Nungwi wanakumbuka MV Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikaua mamia. Hakuna anayepaswa kulisema jambo lile kwa wepesi. Zipo nyumba Pemba ambazo hazijapona. Lakini meli ile ilikuwa imejazwa watu na mizigo kupita uwezo wake. Mkondo haukuipakia. Kilichopo kwenu ni uzito wenu wenyewe: maji, barafu, makreti ya soda, majiko, vifaa vya kuzamia vya kila mmoja. Boti ya futi 30 iliyolemewa haipandi wimbi. Pakieni nusu ya mnachotaka.

Kabla ya kuondoka Dar, angalieni utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hamwendi, hata kama Msasani panang'aa. Redio ya VHF iwe inasikika chaneli ya 16, na muwe na ya mkononi ya pili iliyochajiwa. Simu zenu msizihesabu. Mwachieni mtu mmoja nchi kavu karatasi yenye njia, saa ya kuondoka na saa ambayo akikosa habari zenu atoe taarifa. Asiwe mtu wa kusahau. Na kwa kuwa mko wanne na boti ni ya wote, chagueni kabla ya safari nani ni nahodha. Nahodha wengi chombo huenda mrama, na hao waliosema hivyo walikuwa wamepanda vyombo. Mmoja tu ndiye anayesema "tunageuka", na akishasema, mjadala utafanyika mkiwa mmetia nanga.

Mwanao wa miaka tisa. Kama ni demani, upepo wa wastani, na ameshavuka nanyi hadi Unguja bila kuugua sana, kwenda anaweza, akiwa na jaketi la ukubwa wake, si la mtu mzima lililokazwa kwa kamba, na mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni yeye tu. Hiyo ina maana mabaharia mmebaki watatu, jihesabuni hivyo. Kurudi, hapana. Saa 8 au 9 za kupinga maji si za mtoto, na mkiwa naye mtasita kugeuka au mtakimbilia kufika. Mama yake apande meli aje Mkoani, wakae nanyi hizo siku mbili, halafu warudi wote kwa meli. Watafika kabla yenu na watawacheka gatini.